Tao la Tatu

Waliniita Itundu nihesabu matofali:
mangapi yatafaa kwa vyoo vya shule
kanisa likishabomolewa.
Nikatoka Sikonge kwa baiskeli,
timazi ya marehemu baba ikinigonga pajani njia nzima.

Ndani, ubaridi.
Ukuta una unene wa mkono wangu, bega hadi ncha ya kidole,
na kidole hakikutokea upande wa pili.
Madirisha membamba
kama macho ya mwenye duka anayekataa kukopesha.
Nguzo nane, fupi, nene,
kama wanawake waliotua mizigo wakasahau kuondoka.

Wanasema Bruda Anselmi hakuwa na ramani.
Alilichora kanisa la kijijini kwao kwa kijiti, mchangani,
kwa kumbukumbu tu,
na alipofika darini akakosa Kinyamwezi cha kusema tao.
Akazungusha mikono hewani. Wakacheka.
Ndipo Kapela, mrina asali, alipokwenda porini,
akarudi na mzinga begani,
akaupasua kwa urefu, akaulaza kifudifudi:
“Hiki?”
Bruda akalia, wanasema.
Homa ilimchukua tao la tatu halijafungwa.
Ukilitazama vizuri limeegemea kushoto kidogo.
Hilo ni la Kapela peke yake.

Nikapanda ngazi, nikagonga lipu,
ile ya saruji, ya mwaka wa jubilei.
Ikajibu kwa sauti ya ngoma iliyolegea.
Nyuma yake ukuta ulikuwa ukitoka jasho.
Udongo wa kichuguu na chokaa
hunywa masika, hutema kiangazi,
ndiyo tabia yake tangu zamani;
sisi tuliuziba mdomo
kisha tukashangaa unaoza.

Nikabandua.
Kipande kikubwa kama mlango kikaanguka,
na nyuki wakatoka.

Nilishuka ngazi bila kuzikanyaga.

Paskazia Mhoja, mweka hazina, alinipaka kitunguu usoni
bila huruma, kama anayesugua sufuria.
“Mifuko arobaini ya saruji iko sakristia,” akasema,
“imechangwa kwa tumbaku na karanga.
Watu nitawaambia nini?”
Sikuwa na jibu. Jicho moja lilikuwa limefumba.
Kwa lile jingine nikaona, pale lipu ilipokuwa,
kiganja.
Kiganja cha mtoto, kilichozama kwenye tofali bichi
kabla ya tanuri,
kidole gumba kimeteleza
kama cha aliyeitwa ghafla.
Paskazia akaweka chake juu yake. Hakikuingia.
“Bibi alikuwa akisema walibeba matofali hapa,” akasema,
“mimi nikidhani anatutishia kazi.”
Akaendelea kukiacha kiganja pale
mpaka nyuki mmoja alipomtua kwenye pete.

Nikaandika:
Matofali ya vyoo, hakuna.
Chokaa, lori moja.
Udongo wa kichuguu, upo, kichuguu kiko nyuma ya jiko la padri.
Lipu yote ya saruji itoke.
Nyuki wahamishwe usiku, kwa moshi,
na mtu wa ukoo wa Kapela, kama yupo.
Tao la tatu lisinyooshwe.

Halmashauri ya walei ilininunia miezi minne.
Ujira wangu walinilipa kwa madebe mawili ya karanga,
moja likiwa na mawe.

Masika yakaja. Paa la sakristia likavuja kabla sijalifikia
na saruji ikaganda mifukoni, yote arobaini.
Tukaichana karatasi,
tukaitoa nje kwa toroli, kila mfuko jiwe,
kila jiwe na umbo la mto wa kulalia.
Tukayapanga kando ya ukuta, upande wa kivuli.
Watoto wa mafundisho huyakalia
wakikariri amri kumi,
na kila Jumamosi kuna mmoja anayeisahau ya saba
kwa kutazama juu, kwenye ufa niliouacha makusudi,
wanakoingia nyuki wachache
waliogoma kuhama.